Aliniambia "Nishikie"

Msomaji mmoja wa Karatina ameniandikia barua ya kurasa tatu. Anataka nimrudishe kwanza mke wangu kutoka Kimilili, ndipo niendelee. Bwana wee, ningejua kumrudisha nisingekuwa na hadithi ya kukuandikia.

Wengine mnauliza tulifika wapi. Tulifika hapa. Mimi ni Khisa, karani wa wakili mmoja Mhindi mjini Nyeri. Jina langu limo kwenye leseni ya ploti namba tisa pale Kiganjo, pamoja na mashine ya kusaga posho iliyojengwa juu yake. Jina ni langu, lakini mashine si yangu. Ni ya rafiki yangu Wamae, aliyepakiwa kwenye lori la askari mwaka wa 1953 akapelekwa kizuizini Manyani.

Kwa ajili ya mashine hiyo mke wangu Nasirumbi alifunga virago akaenda kwao, akisema hawezi kuishi na mwanamume anayelinda mali ya watu kuliko ya nyumbani kwake. Kisha nyumba niliyopanga ikabomolewa. Na juma lililopita niliwaacha nikiwa na barua ya D.O., afisa wa wilaya, mkononi. Ilikuwa 1955, Dharura ya vita vya msituni imekolea, na barua iliniita Alhamisi saa nne nikaeleze ploti namba tisa ni ya nani.

Ni swali la kumwuliza mtoto. Mimi lilinitoa jasho siku mbili.

Kabla sijaingia humo ofisini, lazima niungame jambo nililowaficha tangu mwanzo. Nimewaambia kwamba Wamae aliniachia amana. Sikuwaambia ilivyofungwa, kwa sababu niliifunga mimi mwenyewe, na niliifunga vibaya.

Wamae alikuja ofisini saa ya chakula, wakili akiwa amekwenda kwake kula. Alifuatana na Abdulkadir, muuza vitambaa wa Majengo, mtu wa pwani, mtaratibu, rafiki yetu sote wawili.

"Khisa," Wamae akasema, "wewe unaandikia Wahindi na Wazungu makaratasi ya kuwekeana mali. Niandikie na mimi moja. Wameanza kuchukua watu ya Kiganjo, na Moffat amenitaja."

Moffat, Mwafrika mwenzetu, alikuwa mkubwa wa homugadi, walinzi wa serikali, pale Kiganjo. Aliitamani mashine ile tangu siku iliposhushwa kwenye treni.

Basi nikavuta kiti cha wakili nikakikalia. Huo ndio ugonjwa wangu, wasomaji. Karani akikaa miaka minne karibu na wakili, huanza hata kukohoa kama yeye.

"Jifya moja haliinjiki chungu," nikawaambia. "Amana nayo inataka mafiga matatu. La kwanza ni nia. Maneno yako yaonyeshe wazi kwamba hunipi, unaniwekesha tu. La pili ni mali. Ijulikane ni ipi, isiwe 'vitu vyangu vile'. La tatu ni watu. Watajwe ni nani watakaokula faida yake. Likitoka figa moja, chungu kimemwagika."

"Na wewe utakula nini?"

"Sili kitu. Mdhamini hachanganyi unga wake na unga wa amana. Halali kwenye kitanda cha amana. Hampi mtu mwingine kazi yake. Na mwenye haki akimwuliza, lazima amweleze kila kitu, hata kama ni aibu."

Abdulkadir akatabasamu. "Hayo kwetu yafundishwa chuoni tukiwa watoto, bwana Khisa. Amana hailiwi. Mungu ndiye karani wake."

Maneno hayo yalinichoma kidogo, maana karani nilidhani ni mimi.

Wamae akasema nami nikaandika, kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Khisa, nishikie hii ploti namba tisa na mashini yake mpaka nirudi. Nikikosa kurudi, ni ya bibi yangu Gathoni na watoto yetu wanne." Hakujua kuandika, akapiga kidole gumba. Mkanda wa mashine ulikuwa umekula ncha ya kidole hicho miaka mitatu nyuma, kwa hiyo alama yake ilikuwa fupi, imekatwa juu kama mkate. Nyeri nzima hapakuwa na alama ya pili kama ile.

Abdulkadir akatia saini kuwa shahidi, akaichukua karatasi akaenda kuificha sandukuni kwake. Ofisi ya leseni tuliipelekea karatasi nyingine kabisa, inayosema Wamae amenipa ploti moja kwa moja, basi. Serikali ikijua ni amana ya mtu wa kizuizini, itainyang'anya.

"Na Gathoni?" nikauliza. "Lazima ajue. Yeye ndiye figa la tatu."

"Asijue," Wamae akasema. "Gathoni ameokoka. Yeye akiulizwa hata jina ya paka, atasema ukweli na machozi. Siku ya skrini, ile ya kuhoji watu, watamwuliza, na yeye atasema. Nikirudi nitamwambia mimi. Nikikufa utamwambia wewe."

Ilinipasa kukataa hapo. Nilijua sheria. Mwenye haki ndiye jicho la amana, na ukimficha, umemwacha mdhamini peke yake na chungu cha nyama. Lakini nilikuwa na majivuno. Nilipenda kuaminiwa, nikakubali.

Wiki tatu baadaye likaja lori. Lilisimama karibu na stesheni ya Kiganjo, watu wakakusanywa, waliotajwa wakapandishwa. Lilipoanza kuondoka Wamae aliniona katikati ya watu, akanyoosha mkono ule wenye kidole kifupi akapaza sauti kwa Kiswahili ili nimwelewe:

"Khisa! Nishikie!"

Moffat alikuwapo. Gathoni naye alikuwapo, amesimama mbele kabisa, karibu na injini, mtoto mgongoni.

Tangu siku ile Gathoni ndiye aliyeendesha mashine. Baadaye serikali ikawahamishia kijiji cha Dharura chenye handaki na miti iliyochongwa, akawa anatoka asubuhi kwa pasi, kibali cha kutembea, anasaga mpaka saa kumi, anarudi kabla ya kafyu. Hakuenda shule hata siku moja, lakini hakuwahi kumpa mtu gunia lisilo lake. Majina yaliyopakwa rangi kwenye magunia aliyajua kwa umbo. "Hii refu ni ya Njuguna wa Tetu," alikuwa akisema, "hii fupi ni ya Wamucii." Mimi aliniita bwana Khisa na kuinamisha macho. Nilidhani ni majonzi ya mume.

Na nyumba yangu ilipobomolewa nilihamia chumba cha nyuma cha mashine. Ndiyo, mimi niliyesema mdhamini halali kwenye kitanda cha amana. Nililala humo miezi saba, nikijiambia ni wiki moja tu.

Sasa twende Alhamisi.

Asubuhi nilimweleza wakili mambo yote. Alikuwa mzee, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, ingawa Kiingereza chake kiliwatetemesha mahakimu. Aliposikia habari ya karatasi mbili alivua miwani.

"Wewe mjinga, Khisa. Mimi nafundisha wewe miaka mingi, na wewe nafanya amana kwa kudanganya serikali?"

"Nitasema nini kwa D.O., Bwana?"

"Sikiza. Kama wewe nasema iko ya Wamae, leo leo serikali nachukua, napa Moffat. Kama wewe nasema iko yako, nakuwa yako. Yako kabisa. Kesho huyu mama hawezi kuja koti kwa jaji kulia. Koti nasaidia mtu iko na mkono safi tu. Amana ya kudanganya, hakuna jaji nasikia."

"Kwa hiyo Gathoni atabaki na nani wa kumlinda?"

Akavaa miwani yake. "Wewe tu," akasema, akarudi kwenye barua zake.

Nilitoka nikiitazama mikono yangu. Ilikuwa na wino.

D.O. alikuwa kijana mwenye masikio mekundu. Kiswahili alijifunzia kwa watumishi na farasi wake, akakitumia hivyo hivyo kwa kila mtu. Moffat alikwisha kuketi, koti la kaki, kofia magotini.

"Shika Biblia," D.O. akaniambia.

Nikasita. Kwetu Kimilili tulilelewa katika Kanisa la Marafiki, na Marafiki hawaapi. Ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo iwe siyo. Nilikuwa sijaapa tangu nizaliwe.

"Kwa nini wewe hapana apa?" D.O. akauliza. "Wewe nakula kiapo ingine?"

Mwaka ule swali kama hilo, la kiapo cha wapiganaji wa msituni, lilikuwa na lori nyuma yake. Nikaishika Biblia.

Moffat akaanza. "Bwana D.O., mimi nirikuwa pare stesheni. Nirisikia na hii maskio yangu. Wamae arisema, 'Khisa, nishikie.' Ati nishikie, maana yake kitu ni yangu, wewe nichungie tu. Hiyo mashini ni ya Wamae mpaka saa hii. Huyu mtu ya kutoka mbari sana ni kabati tu. Wamae amefunga vitu yake ndani."

Nilichukia kuitwa kabati. Na alikuwa amesema kweli tupu.

"Karani," D.O. akasema, "yeye nasema hiyo neno? Nishikie?"

Wasomaji wangu, hapa mnihukumu polepole. Gathoni alikuwa amekaa nje kwenye benchi na watoto wake walikuwa na mashine ile tu. Nikisema ndiyo, jioni Moffat anabadilisha kufuli.

"Hapana, Bwana. Alisema shika."

"Na shika, nini maana yake?"

"Chukua, iwe yako."

D.O. akatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Mimi nasema kwa saisi yangu, 'Shika farasi.' Farasi iko yangu bado!"

Askari wa mlangoni wakacheka. Moffat alicheka kuliko wote, akapiga goti lake. Nikaona ploti namba tisa inakwenda kwa sababu ya farasi wa Mzungu.

"Kweli, Bwana," nikasema. "Lakini Krismasi ukimpa huyo saisi blanketi, unamwambiaje?"

Akafikiri. Masikio yakazidi wekundu. "Nasema... 'Shika.'"

"Na Januari unalidai blanketi?"

Kicheko kikahamia upande wangu. D.O. mwenyewe akatabasamu akaandika kitu.

"Wewe nalala huko kwa mashini?"

"Nalala huko, Bwana. Miezi saba."

"Nani napa wewe ruhusa?"

"Mimi mwenyewe. Ni yangu. Alinipa."

Na sasa ungamo lenyewe, nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Nilipotamka "ni yangu" sikusikia uchungu wa kusema uongo. Nilisikia utamu. Kwa kitambo kidogo nikaona ukuta wa mashine umepakwa rangi mpya na maandishi makubwa: KHISA NA WANA. Sina mwana hata mmoja. Lakini ukuta niliuona, na nikaupenda.

D.O. alikuwa bado hajaridhika. Akagonga meza kwa kalamu. "Lete bibi ya Wamae."

Gathoni hakuwa mwanamke wa kusema uongo. Aliwahi kusimama kanisani, mbele ya watu wote, akaungama kwamba akiwa msichana wa miaka saba alikula ndizi ya jirani. Jirani mwenyewe alikwisha kufa. Mtu wa namna hiyo akishika Biblia, nani atamzuia?

Akaingia, kitambaa kichwani, unga umemkaa kwenye nyusi. Biblia aliishika kwa mikono miwili.

"Mama, siku ya lori, bwana yako nasema nini?"

Mimi nilikuwa natazama kofia ya Moffat, sikuweza kutazama mahali pengine.

"Alisema, 'Khisa, shika.'"

Moffat akasimama. "Uongo! Arisema nishikie! Huyu mwanamke amefundishwa!"

"Mimi nimeokoka, Moffat, na wewe unajua," Gathoni akasema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa karibu na lori kuliko wewe. Injini ilikuwa inalia, lakini 'shika' nilisikia."

Moffat akaketi. Habari ya ndizi hata yeye alikuwapo siku ilipoungamwa.

Nikawaza, Mungu ametumia kelele ya injini kuwapa watoto wa Wamae chakula. Nilikuwa karibu kutabasamu. Lakini Gathoni hakuwa amemaliza.

"Bwana D.O., niko na neno ingine. Miaka mbili nimeuliza Mungu kwa nini. Mtu ako na bibi, ako na watoto wanne. Anapata nafasi ya kusema neno moja, na hiyo neno anapatia mtu mgeni. Mimi nilikuwa mbele yake na mtoto yake mgongoni, na hakuita jina yangu. Alisema, Khisa, shika. Vitu yote." Akapangusa uso, unga ukachanganyika na machozi. "Nimemsamehe. Lakini bado inauma, na hiyo pia ni ukweli."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe yale macho ya kuinama hayakuwa majonzi. Miaka miwili mama huyu alikuwa akisaga mahindi ndani ya mali yake mwenyewe akijiona kibarua wangu. Alikuwa akimwombea mumewe msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Na dawa ya maumivu yake ilikuwa karatasi moja, ambayo mimi niliiandika na kunyamaza.

D.O. akapiga muhuri. "Ploti namba tisa iko ya Khisa. Kwisha."

Nilitoka nje. Moffat alinipita, akarudi nyuma hatua moja, akanisemesha karibu na sikio kama rafiki.

"Sasa ni yako kweri, bwana Khisa. Na mtu anaweza kuuza kitu yake. Fikiria tu." Akaenda akasimama mlangoni mwa ofisi, akawasha sigara.

Langoni alikuwapo Abdulkadir na baisikeli yake, jasho likimtoka. Hakunisalimu kama ilivyo desturi yake.

"Majengo yapekuliwa," akasema. "Wameanza nyumba za chini, wafungua kila sanduku. Karatasi ile ikikutwa kwangu, sote wawili twaenda Manyani, na huyo bibi hapati kitu. Nairejesha kwa mwenyewe."

Akanitia mkononi kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha marekani.

"Mwenyewe ni nani?" nikauliza, kwa ujinga tu, au labda si kwa ujinga.

Alinitazama usoni. "Waniuliza mimi, bwana Khisa?" Akapanda baisikeli yake akaondoka.

Nikakifungua kile kitambaa. Karatasi ilikuwa ile ile, imekunjwa mara nne, wino umefifia kidogo. Ilikuwa moja tu duniani. Wakili amesema hakuna jaji atakayemsikia Gathoni. Mumewe yuko Manyani, na hakuna ajuaye atarudi au hatarudi. Abdulkadir hatasema bila kuulizwa. Hatua nne kutoka niliposimama palikuwa na jiko la mama muuza chai, makaa yamekolea.

"Bwana Khisa."

Gathoni alikuwa amenifikia. Nikaikunja karatasi upesi.

"Nimesema ukweli mbele ya serikali," akasema. "Sasa na wewe niambie ukweli. Nitoke kwa mashini lini?"

"Kwa nini utoke?"

"Mtu akipewa kitu yake, analeta watu yake. Utaita bibi yako arudi. Mimi niambie tu siku, nitafute shamba ya kulima kibarua."

Nilitakiwa kusema maneno machache sana: Gathoni, mashine ni yako. Lakini akijua leo na D.O. akimwita tena kesho, atasema ukweli, na Moffat ataichukua. Hiyo ilikuwa sababu ya kunyamaza, na ilikuwa sababu nzuri. Ilikuwapo na ya pili, ile ya ukuta uliopakwa rangi. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya ile ya kwanza.

"Kaa tu, Gathoni," nikasema. "Usihangaike. Mimi nitakuruhusu."

Neno likanitoka kabla sijalipima. Nitakuruhusu! Mimi, nimruhusu yeye!

"Asante," akasema, akainamisha macho. Na macho yalipoinama yakatua kwenye mkono wangu. Jua la saa sita lilikuwa likipenya ile karatasi nyembamba, na kwenye mkunjo wa nje, wazi kabisa, ilionekana alama ya zambarau, fupi, imekatwa juu.

"Hiyo ni nini?"

"Karatasi ya ofisi."

"Ofisi gani iko na kidole ya Wamae?"

Nikaishusha karatasi pajani.

"Hiyo kidole nilifunga mimi na leso yangu, siku mkanda ulikula," akasema. "Nilifunga miezi miwili, asubuhi na jioni. Usiniambie ni ya mtu mwingine." Hakuninyang'anya. Alisogea tu ubavuni mwangu, begani karibu kunigusa, akasimama kama wanavyosimama wote waletao barua kwa karani. "Nisomee."

Miaka sita nilikula mkate kwa neno hilo. Watu walitoka Tetu kwa miguu, wakipita makarani wengine njiani, kwa sababu Khisa wa wakili akiambiwa "nisomee" hasomi pungufu na haongezi.

"Twende mashineni," nikamwambia. "Hapa pana watu."

"Nimengoja miaka mbili. Nisomee hapa."

Nikatazama mlangoni mwa ofisi. Moffat alikuwa bado na sigara yake, hatua kumi tu, shingo ameinyoosha. Nikisoma kama ilivyoandikwa, atasikia kila neno.

Nikaikunjua. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa majivuno. Neno la kwanza lilikuwa jina langu.

"Khisa," nikasoma.

La pili nililitazama. Nikalikata kichwa na mkia, nikasema kilichobaki kwa sauti iliyomfikia Moffat.

"Shika."

Moffat akatupa sigara, akageuka kuingia ndani. Gathoni hakusogea. Hakulia. Alitoa kidole chake chenye unga, akakiweka juu ya jina langu, akakisogeza taratibu mpaka kwenye neno lililofuata, akalipima mwanzo hadi mwisho kama alivyopima majina ya magunia.

"Khisa ni fupi," akasema. "Hii ingine ni refu. Na wewe umesema neno fupi."

Kisha akaniangalia usoni, mara ya kwanza kwa miaka miwili.

"Soma tena."